Kilichochemka Chini ya Boneti

Kwa miaka miwili Hesbon Emukule alikuwa na neno moja tu la kuwaambia abiria wake kando ya barabara: "Imechemka." Akishalisema anashuka, anafungua boneti, anachukua jerikeni na kuimwagia rejeta maji, na watu wa Amukura wanatoka nje kumtazama kama wanaotazama mazishi ya mtu wasiyemjua. Landrova inapumzika. Inapoa. Inawaka. Inakwenda kidogo, inazima tena. Imechemka.

Landrova hiyo ilikuwa ya chama cha wakulima wa pamba, na ndiyo mali ya mwisho waliyobaki nayo. Hesbon alikumbuka zilivyokwenda nyingine zote, na hakutaka mtu yeyote asahau. Kiwanda cha kuchambua pamba kilifungwa. Mizani kubwa ilitoka Jumapili watu wakiwa kanisani, ikaja kuonekana ikipimia mahindi katika ghala la binamu yake mwenyekiti, kule Bumala. Ghala la chama likageuka baa. Kila kitu kilipitia mlango ule ule: kwanza kinaitwa kibovu, halafu kinaitwa mzigo kwa wanachama, halafu kinapata mwenyewe mpya. Na gari hili lilinunuliwa kwa pamba ya watu ambao wengine walikwisha kuzikwa. Ndilo lililowapeleka hospitalini wajawazito kutoka vijiji ambako mvua ikinyesha hata boda boda anageuza baiskeli yake.

Sasa zamu ilikuwa ya gari.

"Wanachama wapendwa," alisema mwenyekiti, Callistus Wabwire, katika mkutano wa Malaba, kiangazi cha mwaka wa tisini na sita. "Hii gari ni mgonjwa. Na mgonjwa asiyepona, watu wenye akili humwachia Mungu. Tuiuze kama chuma kuukuu, tupumzike."

Waliokaa kwenye viti walipiga makofi. Hesbon alikuwa amekaa kwenye nyasi. Akasimama, akajipangusa suruali bila haraka.

"Mwenyekiti, na huyo Mungu wa kununua chuma ameshapatikana?"

Watu wa nyasini walicheka mpaka viti vikanyamaza.

"Wewe ni dereva, Emukule. Kazi ya dereva ni usukani, si mdomo."

"Usukani ni wa chama. Mdomo nilizaliwa nao."

Wabwire hakukasirika. Alitabasamu, na tabasamu hilo Hesbon alilijua tangu siku za mizani. "Sawa. Mkutano mkuu ni Jumamosi, Bumala. Chukua wanachama hapa Malaba, uwafikishe bila gari kuzimika hata mara moja. Ukifaulu, inabaki. Ikizimika, hata kama ni hatua moja kabla ya kufika, basi tumemaliza na hakuna kelele tena. Unakubali?"

"Nakubali!" Hesbon alisema, na ndipo akakumbuka kwamba mdomo wake hauna breki.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Ogendo, makanika aliyekuwa na uwanja wake nyuma ya malori ya mpakani. Ogendo alimsikiliza huku akipangusa mikono kwa tambara ambalo lilizidi kumchafua.

"Boss, mimi nishafanya yote. Mipira ya rejeta niliweka mingine. Thamostati nikatoa nikatupa. Feni nikabadilisha. Hiyo injini imezeeka kama wewe, tofauti ni kwamba wewe bado unaongea."

"Lakini kwa nini inachemka?"

"Kwa sababu inachemka!"

Hesbon aliona hakuna jibu pale. Akalipandisha gari kilima hadi kwa mama Akwii, na Landrova, kama kawaida yake, ilikohoa na kuzima ilipofika tu uani. Akaiacha hapo hapo, hakufungua hata boneti.

Anjeline Akwii alikuwa mwanachama tangu enzi za marehemu mumewe, na sasa aliuza ajono, ile pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Wazee walikuwa wamekizunguka chungu chake chini ya paa la nyasi.

"Yoga, dereva wa mazishi," Akwii alimsalimu kwa Kiteso. "Nimesikia umekwenda kuuza gari letu kwa maneno."

"Mama, nipe mrija. Matusi utanipa baadaye."

Akwii alikuwa akiongeza maji ya moto chunguni. Wazee wakavuta. Mzee Okedi, mmoja wa waasisi wa chama, alivuta mpaka mashavu yakaingia ndani yakagusana, macho yakamtoka, na hakuna kitu kilichopanda.

"Pombe imeisha!" akalalamika. "Ongeza maji!"

"Imeisha wapi? Chungu kimejaa mpaka shingoni." Akwii alimnyang'anya mrija, akaupitisha mbele ya macho yake. "Ona, umepasuka hapa juu. Unavuta hewa, mzee. Halafu kila siku unakilaumu chungu changu, na mimi kila siku nakuongezea maji. Chungu kina kosa gani?"

Wazee walicheka. Hesbon hakucheka. Alikuwa ameushika mrija wake hewani, akimtazama mzee Okedi kana kwamba hakumwona hata siku moja maishani.

Kila siku nakuongezea maji.

Akasimama, akaenda kwenye gari, akafungua boneti. Joto lilimpiga usoni kama mlango wa tanuri la mkate. Kwa mazoea mkono wake ulikwenda kwenye jerikeni. Akaurudisha. Akafungua kifuniko cha rejeta kwa tambara, taratibu, akiwa amejikinga uso. Maji yalikuwa yamejaa, yametulia, ya moto lakini hayachemki hata kidogo. Akaangalia upande wa pili, kwenye pampu ya petroli, ambayo chini yake ina kikombe cha kioo cha kukamata uchafu. Miaka yote hiyo alikitazama mara moja tu, siku kilipovuja.

Ndani ya kioo petroli ilikuwa ikitoa mapovu. Ilitokota polepole kama ajono ambayo mtu asiye na adabu amepuliza kwenye mrija wake.

"Imechemka," Hesbon alisema. Ni neno lile lile, lakini safari hii lilikuwa na mwenyewe. Miaka miwili alisema imechemka na hakuna aliyeuliza ni nini kilichochemka. Maji ndiyo huchemka, kila mtu anajua. Basi kila mtu alimwaga maji. Kumbe injini ilikuwa haina neno, na rejeta haina neno. Petroli ndiyo iliyokuwa ikigeuka mvuke njiani, pampu ikawa inavuta hewa kama mzee Okedi, na kabureta ikafa kwa kiu.

Alicheka peke yake, kicheko kibaya. Alikuwa amejikasirikia sana.

Kesho yake Ogendo alipoonyeshwa kile kioo, gari likiwa limetoka kupanda kilima, aliinama akakitazama kwa karibu. Kisha akavua shati.

"Sasa hii ni kazi nyingine," alisema. "Joto ndilo tunatafuta, si maji. Linatoka wapi na linakataa kutoka kwa nini. Shika spana."

Bomba la petroli lilikuwa limelalia karibu na ekzosi. Fundi fulani wa zamani alilikunja hivyo ili apate kupumzika mapema. Wakalikunjua, wakalipitisha mbali. Kabureta ilikuwa imekaa juu ya ekzosi kama kuku anayeatamia, kwa hiyo Ogendo akaikatia gasketi nene ya kutenganisha. Kwenye rejeta walitoa nyuzi za pamba. Pamba! Zilikuwa zimeshikamana na matope na kuziba matundu, pamba ya miaka ile ambayo chama kilikuwa chama. Ogendo alipuliza, akachokoa kwa waya, akapuliza tena. Hesbon aliokota fundo moja la nyuzi nyeusi akalitia mfukoni.

Tairi la akiba lililokaa juu ya boneti likahamishwa nyuma. Chini ya bawaba za boneti wakatia vipande vya mpira, boneti ikainuka kidogo upande wa kioo cha mbele, joto lipate pa kutokea.

"Bado hewa ya kuingia," Ogendo alisema, akarudi nyuma kulitazama gari usoni. "Boss, hii ni nini?"

Mbele ya gari, pale hewa inapoingilia, kulikuwa na kibao kikubwa cha bati, cheupe kwa maandishi mekundu: MAENDELEO KWA WOTE, MWENYEKITI C. WABWIRE. Kilifungwa kwa sherehe, watu wakaimba, mwenyekiti akakata utepe.

"Kilifungwa lini?" Ogendo aliuliza.

"Miaka miwili iliyopita."

Walitazamana.

"Mimi nina watoto," Ogendo alisema. "Mimi hicho kibao sijakiona."

"Nipe spana ya kumi na tatu," Hesbon alisema.

Alikitoa mwenyewe, nati baada ya nati. Kibao kilipoanguka chini kilitoa mlio mkubwa, na Ogendo akatazama barabarani huku na huku. Kisha akakiinua, akakigonga kwa kidole. Bati zito, zuri. Fundi ni fundi.

"Tunahitaji kizuizi kati ya ekzosi na bomba," alisema polepole. "Kitu cha bati. Kisiguse ekzosi, hewa ipite katikati."

"Si unasema hujakiona?"

"Kibao sijakiona. Bati nimeliona."

Akachukua mkasi wa kukatia bati.

Jumamosi walitoka Malaba, wanachama wamejaa nyuma, Akwii mbele kando ya dereva, mzee Okedi kwenye benchi akiwa na jerikeni la maji katikati ya magoti. Hesbon alilitazama jerikeni hilo kwa jicho baya.

"La nini, mzee?"

"La mazoea."

Kilima cha Amukura walikipanda kwa gia ya pili, injini ikinguruma kwa sauti moja. Wale watu waliozoea kutoka nje walitoka nje. Landrova ikawapita. Mwanamke mmoja alikimbia nyuma yake hatua chache, labda ili ahakikishe.

Busia ndiko mtihani ulikokuwa. Matrela ya mpakani yalikuwa yamepangana mpaka katikati ya mji, na moja limejikunja likafunga njia yote. Saa ya jua kali. Hesbon akasimama. Gari likisimama baada ya mwendo mrefu hakuna upepo. Joto lote linabaki chini ya boneti likitafuta cha kuchemsha. Alilijua hilo sasa. Aliukandamiza mguu kidogo kwenye pedali ya mafuta, feni izunguke, petroli isilale bombani.

Injini ikakohoa.

Nyuma watu walishikilia mabenchi. Ikakohoa tena, mpaka mlango mzima ukatetemeka.

"Imechemka!" Okedi alipaza sauti. "Mwaga maji! Hesbon, fungua nimwage!"

"Mzee, ukimwaga tone moja nakuteremsha hapa hapa!"

"Utamteremsha babako!"

"Nitamteremsha hata babangu! Kaa chini!"

Alikuwa ameukamata usukani kwa nguvu kana kwamba gari litaporwa mikononi mwake, na kweli lilikuwa linaporwa. Akwii alimtazama mara moja, akafungua mlango, akashuka. Alilifuata lile trela akaligonga ubavuni kwa kiganja.

"Wewe, boss! Toa huo mkia wako njiani! Umelala na dunia nzima inakungoja?"

"Mama, nangoja wa mbele yangu asogee," alisema dereva, Mganda mmoja mpole.

"Na wa mbele yako anangoja nini? Njooni! Tumsukume kwa maneno!"

Abiria wote wakashuka, isipokuwa Okedi na jerikeni lake. Hesbon aliwasikia wakibishana, wakipiga mabati ya magari, wakitukana kwa Kiteso, kwa Kiluhya, kwa Kijaluo. Trela la mbele likanguruma, likasogea. Mkia wa lile lililojikunja ukanyooka. Pakawa na upenyo. Hesbon akaingiza gia, upepo ukaingia kwenye mdomo wa gari ambao sasa haukuzibwa na jina la mtu, na kikohozi kikaisha.

Bumala, lori la kuvutia magari lilikuwa tayari limeegeshwa kando ya uwanja wa mkutano, na mnyororo wake umekwisha kuteremshwa. Wabwire alisimama pale. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye uso wa gari.

"Kibao changu kiko wapi?"

Hesbon alishuka, injini bado inanguruma, akafungua boneti. Pale kando ya ekzosi, limekunjwa na kubanwa kwa nati mbili, bati jeupe lilikuwa limeanza kupiga weusi. Herufi zilizobaki zilisomeka: MAENDE.

"Kiko kazini, mwenyekiti. Tangu kitengenezwe, leo ndiyo siku yake ya kwanza."

Kicheko kilianzia kwa waliokuja na gari, kikasambaa uwanja mzima. Wabwire alingoja kiishe. "Imefika kwa sababu hamkuizima," alisema. "Gari ya moto ukizima haiwaki. Huo ni ujanja."

Hayo hayakuwa makubaliano, na Akwii alianza kupiga kelele kusema hivyo. Hesbon alimwashiria anyamaze. Akaingiza mkono dirishani, akageuza ufunguo. Kimya.

"Toa hotuba yako, mwenyekiti," alisema. "Yote. Ukimaliza nitaiwasha."

Na Wabwire alihutubia. Alianza na historia ya chama, ila mizani haikutajwa. Jua likawaka juu ya boneti. Hesbon alisimama pale pale, mkono mfukoni, vidole vikizungusha lile fundo la pamba. Watu hawakuwa wakimtazama msemaji. Walikuwa wakilitazama gari. Hatimaye mwenyekiti akaishiwa hata na salamu za kuaga.

Hesbon akapanda. Akawasha. Mara ya kwanza starta ikazunguka bure. Mara ya pili injini ikashika.

Lori la kuvutia magari likaanza kukusanya mnyororo wake. Mzee Okedi alilimwaga jerikeni lake lote kwenye mizizi ya mti uliokuwa karibu, akakung'uta mpaka tone la mwisho.

Akwii alikuja dirishani. Hakumsifu. Alikuwa akitazama ng'ambo ya soko, kwenye ghala la yule binamu wa mwenyekiti aliyekuwa akipima mahindi.

"Hesbon, ile mizani yetu, inaweza kuingia huko nyuma?"

Hesbon aligeuka akapima kwa macho.

"Tukitoa lile tairi," alisema, "inaingia."