Mpaka Injini Ipoe

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, boneti ya gari ilikuwa ya moto. Mjomba aliiwekea kiganja, akahesabu kimoyomoyo hadi tatu, kisha akaupangusa mkono kwenye suruali kana kwamba ameshika kitu kisicho chake.

"Limeshawashwa," alisema.

Mpwa wake alisimama nyuma yake, mkoba begani. Alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, na kwa miaka sita alikuwa akilitamani gari la aina hii: dogo, jekundu, la milango mitatu, nyuma limekatwa ghafla kama mkate, na mbele lina injini ya turbo inayolifanya lipande mlima kama linateremka. Hili lilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Alilipenda tangu getini, na kwa kuwa alijijua, walikuwa wameshakubaliana nyumbani kwamba moyo wake hauna kura. Bila neno la mjomba, gari halinunuliwi.

Mjomba alikuwa fundi wa injini kwa miaka thelathini na minane, na kosa lake moja ndilo ukoo ulilolikumbuka. Alimchagulia dada yake, yaani mama wa mpwa huyu, gari lililokuwa limeshapashwa moto kabla hajafika. Siku ile injini ilinguruma vizuri. Siku ya arobaini cheni ya ndani ilikatika, gari likazima katikati ya soko. Tangu hapo dada yake alimwita Bwana Arobaini, hata mbele ya wakwe. Naye alijiwekea sharti: hatoi neno juu ya injini ambayo hajaisikia ikiamka baridi. Cheni iliyolegea, alimweleza mpwa njiani, hulia sekunde mbili tatu za mwanzo tu, oili ikiwa bado iko chini. Oili ikishapanda, injini ni kama mlevi aliyenawa uso. Huwezi kujua amelala wapi.

Mwenye gari alitoka na kikombe mkononi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, mrefu, shati limechomekwa ndani ya suruali iliyopandishwa mpaka kifuani. Mjomba alimsalimu kwa adabu zote, kisha akamuuliza kwa nini injini ina joto. Mwalimu alishangaa kuulizwa. Alikuwa ameamka saa kumi na mbili, akaiacha ingurume dakika ishirini, makusudi, wageni wasije wakalikuta gari limelala.

"Ningewapaje gari baridi?" alisema. "Mngenionaje?"

"Nilimwambia," mkewe alisema kutoka dirishani. "Huyo hupasha pasi moto nguo zikiwa bado kwenye beseni."

Mpwa aliwatazama wote wawili na akaona hakuna hila hapa; kulikuwa na ukarimu uliokwenda pabaya. Lakini ukarimu haupimi cheni. Alitoa kipimajoto mkobani, akakichomeka ubavuni mwa injini: nyuzi themanini na mbili. Hewa ya uani ilikuwa nyuzi ishirini na nne. Alikadiria kwamba ingechukua muda wa saa tano kupoa. Hapo mwalimu akakohoa na kusema kwamba kuna mnunuzi mwingine, daktari wa meno, atakayefika saa sita, na huyo haulizi maswali mengi.

"Basi tupeni viti," mjomba alisema.

Walingoja kwenye veranda. Kila nusu saa mpwa alishuka uani, akapima, akaandika. Kufika saa tatu mwalimu alishindwa kuvumilia, akaleta rula na karatasi ya mistari, akauchora mteremko wa joto kwa penseli mbili. Alileta pia daftari la gari. Kila mara alipobadilisha oili alikuwa ameandika tarehe, kilomita na hali ya mawingu. Mjomba alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akauliza mawingu yanahusiana nini na oili, akapewa maelezo ya robo saa ambayo mpwa hakuyasikiliza kwa sababu alikuwa akicheka. Mke wa mwalimu alipita na birika, akasema hajawahi kuona watu wazima watatu wakiliuguza gari.

Saa tano na nusu, nyuzi zikiwa thelathini na tano, daktari wa meno alifika mapema. Alikuwa mnene, mchangamfu, amevaa raba mpya. Alilizunguka gari mara moja na kunyoosha mkono apewe ufunguo.

Mpwa aliiona asubuhi yake yote katika mkono ule. Nusu dakika ya kuwashwa ingetosha kuipandisha oili.

"Daktari," alisema, "ukiliwasha sasa, mimi narudi nyumbani bila gari, na wewe unaondoka na gari usilolijua."

"Nitalijua nikiliendesha."

"Na jino nalo unaling'oa kwanza ndipo unaliangalia?" mjomba aliuliza.

"Inategemea foleni," daktari alijibu.

Hata hivyo aliurudisha mkono. Alifikiri kidogo, kisha akatangaza kwamba atangoja pia: hawa wakilikataa, atakuwa amejua bure linaumwa nini. Mwalimu alimkabidhi mkewe ufunguo, naye akautumbukiza mfukoni na kumletea muuguzi mpya kiti.

Saa sita na dakika ishirini injini ilikuwa nyuzi ishirini na tisa, hewa ishirini na nane. Wote walisimama. Mjomba aliinama, akaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Mpwa alipokea ufunguo kwa mke wa mwalimu, akaketi kwenye usukani na kuuzungusha.

Injini ilishika mara moja. Pamoja nayo ukaja mlio mwembamba wa chuma, kama vijiko ndani ya droo.

Mwalimu alifumba macho. Mpwa alihesabu: moja, mbili, tatu. Mlio uliendelea. Nne, tano, sita. Uliendelea. Alishika ufunguo azime, na hapo akaona, kupitia kioo, chini ya boneti iliyoinuliwa, kwamba mjomba anatabasamu.

Ingekuwa cheni, ingeshanyamaza. Mjomba aliviringisha kitambaa mkononi, akaupenyeza nyuma ya injini na kubonyeza. Kimya. Akaachia, vijiko vikarudi. Akabonyeza tena, akaachia tena, mpaka mke wa mwalimu akamwambia sasa anaringa.

"Bati la kukinga joto," alisema. "Nati moja imeliwa na kutu. Injini yenyewe ni nzima."

"Nilijua tu," daktari wa meno alisema kwa huzuni.

Lakini mjomba hakuwa amemaliza. Walitoka kwenda kwenye mlima wa barabara kuu, mpwa akiendesha, na daktari alitumwa kufuata nyuma kwa gari lake aangalie moshi. Kwenye gia ya tatu mpwa alikanyaga mafuta. Turbo iliitika bila kusita na migongo yao ikanata kwenye viti. Kutoka kilomita sitini hadi mia, kupanda mlima, mjomba alihesabu sekunde sita na nusu. Mpwa alikuwa anacheka kwa sauti na hakujaribu kujizuia.

Waliporudi uani, daktari alitoa ripoti. "Moshi sikuuona. Nililoona ni gari dogo linalozidi kuwa dogo."

Mjomba alifungua plagi na kupima mgandamizo wa silinda zote nne: kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili na robo, kumi na mbili; zote karibu sawa, kama inavyotakiwa kwa injini nzima. Alizirudia namba hizo mara mbili, akaifuta geji, akairudisha kwenye kasha lake.

"Lichukue, mwanangu," alisema.

Hati ilisainiwa saa nane na robo kwenye veranda, daktari wa meno akiwa shahidi. Saa nane na dakika ishirini na tano gari lilitoka getini na kuingia gia ya pili.