Hakuna Kizuizi

...na mbwa mwenyewe wa kuazima, nyumba hii haijawahi kufuga hata paka, lakini washauri wa kampeni wamesema wapiga kura wa mashambani humwamini mtu mwenye mbwa, basi huyu hapa, Biskuti, ananidondoshea mate kwenye buti nilizonunuliwa juzi zikasuguliwa mchanga ili zionekane za mtu wa kazi, na Skip mpiga picha amepiga goti kwenye nyasi anasema, “Mheshimiwa, kidevu juu kidogo, mama tabasamu hilohilo, binti weka mkono begani kwa baba,” na mkono wa Delaney unatua begani kwangu, mwepesi, mkavu, nami nahesabu, saa nne kasoro dakika sita, simu imo mfukoni mwa shati, saa nne kamili itaita na mkuu wa gereza ataniuliza swali ambalo mimi, mwanasheria mkuu wa jimbo, huulizwa kila mara mtu anapofungwa mikanda kitandani kuchomwa sindano ya kifo, je, kuna kizuizi chochote cha kisheria, nami nitajibu hakuna, nimeshalijibu mara nane tangu nichaguliwe, mara ya tatu nilikuwa natafuna mkate wenye nyama na ikabidi nimeze kwanza... “Royce, vuta tumbo,” anasema Lynette bila kuachanisha meno, “unataka kuwa gavana au unataka kujifungua?” na Skip anacheka, nami nacheka, mke wangu kwa miaka thelathini sasa, namchukia kwa raha kabisa, kama mtu anavyokuna upele, naye ananichukia vivyo hivyo na hakuna kati yetu anayeumia... lakini Lasker, Dwight Lasker, sasa hivi kule gerezani wanamtafutia mshipa, mikono yake ilikuwa myembamba hata wakati ule, mlevi, mwizi wa nyaya za shaba, mji mzima ulimchoka, mama yake mzazi alikuja mahakamani siku moja tu na akaondoka kabla ya chakula cha mchana, nilihitaji nini zaidi, mimi, mwendesha mashtaka kijana wa kaunti, mwenye ghala la nafaka kauawa saa tatu usiku na mlevi huyu alikuwa amemtishia wiki ileile, ilikuwa kesi tamu kama pai, mpaka Bi Bohannon wa kituo cha mafuta alipoandika maelezo yake, ukurasa mmoja, kwamba saa tatu na dakika kumi Lasker alikuwa mbele ya kaunta yake anagombania bia, maili arobaini kutoka ghalani, ukurasa ambao sheria ilinitaka niwape upande wa utetezi, nami nikauweka kwenye boksi la vibali vyangu vya kuwinda paa, nikisema nitaupeleka kesho, na kesho hiyo ina miaka ishirini na mbili, Bi Bohannon amekufa, na wale raia kumi na wawili wa jopo la kuamua kesi walirudi na hatia baada ya dakika arobaini tu, watu wakanibeba mabegani... “Binti, sogea karibu, kana kwamba unampenda,” anasema Skip, na Delaney anasogea, mwanafunzi wa sheria mwaka wa mwisho, Jumapili aliingia gereji kutafuta kofia yake ya zamani akatoka na ukurasa ule, akanikuta nakata vitunguu, “Baba, hii karatasi utetezi walipewa?” nikasema walipewa, akasema sawa, akaikunja mara mbili, na tangu hapo sijalala, kila simu ikiita najua ni jaji, najua mwanangu amempelekea ile karatasi, jana mahakama ilipokataa rufaa ya mwisho wasaidizi wangu walipigiana makofi nami nikaenda kukaa chooni, mlango nimefunga, na nikajisikia nasema, bado kuna asubuhi, bado kuna asubuhi... nikadhani ni hofu... “Baba,” ananong'ona sasa sikioni, tabasamu halijasogea, “acha kuhema hivyo, utaharibu picha. Ile karatasi niliichoma palepale Jumapili. Kwenye jiko la mkaa, chini ya mbavu za nguruwe.” Nasema, “Nini, Delaney?” “Ulikula mbavu tatu, ukazisifu. Ukiwa gavana nitataka ofisi yenye dirisha.” Na haikuwa hofu, Mungu wangu, haikuwa hofu hata kidogo, nilikuwa nakungoja wewe, siku nne nzima nilikuwa naomba uniangushe, umpe jaji ile karatasi, uwape watu wa magazeti, univue kazi na jina na nyumba ya gavana ili nisilazimike kusema lile neno leo, nilikulea kwa hilo, tangu una miaka sita nilikunyima kitindamlo mpaka uthibitishe dai lako mezani, ushahidi uko wapi Delaney, nikadhani nafuga jaji, kumbe nilikuwa najifuga mimi mwenyewe, kijana zaidi, bila kitambi... na simu inaita, inatetemeka kifuani, Skip anasema, “Pokea tu, Mheshimiwa, picha ya mtu kazini ni nzuri zaidi,” na sauti ya mkuu wa gereza ni ya adabu, “Habari za asubuhi, Mheshimiwa, yuko tayari huku, kuna kizuizi chochote cha kisheria?” na karatasi haihitajiki, maneno ya Bi Bohannon ninayo kichwani hadi nukta ya mwisho, mdomo ni wangu, kipo, neno fupi kuliko lile jingine, kipo, na kucha za mwanangu zinaingia begani taratibu, “Hapo hapo,” anasema Skip, “msitikisike,” na mimi nasema, “Hakuna,” na kamera inalia, na mkuu wa gereza anasema asante, siku njema, na mkono wa Delaney unanipapasa mara mbili kama anavyopapaswa mbwa aliyetii. “Nyingine moja,” anasema Skip, “Mheshimiwa alifumba macho.”