Mshipi wa Mlinzi wa Kisima

Katika nchi ya Zingale kila kiumbe alikuwa na mahali pake. Mfalme Kiboko alikaa juu ya jiwe pana lililokingwa jua, madiwani wakakaa chini yake kwa kufuata unene wa shingo zao, na raia wakasimama uani. Mbwa walilinda. Mvua ilipokatika na mito ikawa mchanga mtupu, kilibaki kisima kimoja, kisima cha Ikulu, na likatolewa tangazo kwamba maji yake yatakuwa ya Mfalme na Baraza hadi hali itakapotengemaa. Raia wakawa wanalamba umande. Hali haikutengemaa, wala tangazo halikubatilishwa.

Mchana mmoja, jua likiwa utosini, mwana wa pekee wa Mama Paa alikatiza uani, akainamisha kichwa kisimani, akanywa. Mlinzi wa zamu alikuwa Mbwa. Kabla ya magharibi mpiga mbiu alikwisha kutangaza kwamba mhaini amekamatwa akitia sumu kisimani, kwamba amekufa, na kwamba nchi imeokoka. Mama Paa alikwenda kwenye lango la Ikulu kuomba maiti ya mwanawe. Aliambiwa kuwa ombi lake linashughulikiwa. Akarudi kesho yake, na kila siku iliyofuata, akapewa jibu lile lile, hata walinzi wa lango wakamzoea na kumwamkia.

Baraza lilipokutana, Waziri Kinyonga alileta Mswada wa Kuwaenzi Walinzi Mashujaa. Alieleza kwa ufasaha kwamba kazi ya ulinzi haina shukrani, kwamba raia wananung'unika, na kwamba manung'uniko hayawezi kusikika penye ngoma. Mswada ulipita kabla msemaji hajaketi. Mfalme, aliyezipenda mila madhali hazikumgharimu kitu, aliagiza sheria ifuate desturi ya kale. Kwa desturi hiyo, shujaa huvikwa mshipi na yule aliyeokolewa, naye kabla ya kuufunga humuuliza shujaa, mbele ya halaiki, alikuwa wapi, alimkuta nani, na huyo aliyemkuta yuko wapi sasa. Zamani jibu la mwisho lilikuwa moja: "Ndiye wewe unayenivika mshipi." Watu wazima walikuwa wakilia wakilisikia.

"Safari hii aliyeokolewa ni nani?" aliuliza Diwani Nguchiro. "Nchi nzima haiwezi kufunga mshipi mmoja."

"Mama wa mhaini," alijibu Kinyonga. "Akishukuru yeye, atabaki nani wa kununa?"

"Atakubali?"

"Anataka maiti. Atapewa baada ya sherehe."

Nguchiro akashauri kwamba pengine Mbwa afundishwe majibu mapema. Mfalme alicheka mpaka tumbo likatikisika.

"Afundishwe nini, bwana? Kwani ana la kuficha?"

Madiwani nao wakacheka. Hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Waziri alidhani Mkuu wa Walinzi anajua, Mkuu wa Walinzi alidhani hiyo ni kazi ya Waziri, na Mfalme hakuwa na mazoea ya kudhani. Kisha yakaletwa maji. Ladha yake ilikuwa imebadilika siku zile, na diwani mmoja alipokunja uso, Kinyonga alifafanua kwamba kisima kikipungua, madini hupanda. Tangu hapo madiwani walishindana kuyasifu. Wengine walisema yana nguvu, wengine kwamba yamekomaa.

Mjumbe alipofika kwa Mama Paa na kumweleza masharti, mama huyo aliuliza neno moja tu.

"Nitapewa siku ile ile?"

"Siku ile ile, mama."

"Basi nitakuja."

Siku ya sherehe ua ulifurika. Ili ionekane wazi kwamba maji yamesalimika kwa ushujaa wa Mbwa, Mfalme aliruhusu raia nao wachotewe. Kila mmoja alipewa kibuyu kidogo na kuagizwa anywe mara mshipi utakapofungwa. Kiu ilikuwa kubwa, na wengi walikwisha kunywa kabla ngoma hazijanyamaza. Walinzi nao walikunywa. Mbwa alisimama katikati, manyoya yamepakwa mafuta, kifua mbele. Maishani mwake mwote alikuwa hajawahi kuitwa mbele ya watu ila kwa kukaripiwa.

Mama Paa aliletwa, mshipi mwekundu mikononi.

"Ewe mlinzi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa lindoni, mama, penye kisima."

"Ulimkuta nani?"

"Nilimkuta mwanao. Alikuwa anakunywa."

Mnong'ono ulipita uani. Kinyonga alibadilika rangi, akabadilika tena.

"Na yuko wapi sasa?"

Mbwa alimtazama Mfalme kuomba ruhusa. Mfalme, ambaye usingizi ulikuwa umeanza kumchukua, aliinamisha kichwa, na Mbwa akaona amekubaliwa.

"Yumo kisimani, mama. Mkuu wa Walinzi aliniambia asionekane, na kisima ndicho kilichokuwa karibu."

Mama Paa akauzungusha mshipi kifuani mwa Mbwa, akaufunga vizuri, akaulainisha kwa ukwato wake.

"Nimewauliza wote langoni," alimwambia. "Wewe ndiye wa kwanza kunijibu."

Mshipi ulipofungwa, Waziri aliinua mkono, kama ilivyopangwa. Kwa mazoea tu baadhi ya raia walianza kushangilia, vibuyu vikiwa bado mikononi, na maji yakawamwagikia miguuni. Wakaacha mmoja mmoja. Wakaviweka vibuyu chini.

Mama Paa aliomba kamba. Aliletewa. Walinzi walikuwa wanavitazama vibuyu vyao wenyewe, na hakuna aliyemzuia. Yeye na raia walimtoa mwanawe, wakamfunika, wakamchukua, wakatoka kwa lango kubwa lililokuwa wazi kwa ajili ya sherehe. Hakuna aliyemtukana Mfalme wala kurusha jiwe. Walitoka tu, mpaka wa mwisho, wala hawakurudi.

Baraza bado linakutana Zingale. Ngozi ya Mfalme imepasuka kwa ukavu, na Waziri humwarifu kila kikao kwamba nchi ni tulivu. Sheria haijafutwa, ila haijapatikana tena nafasi ya kuitekeleza, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kuokolewa. Mbwa angali penye kisima, mshipi umepauka kifuani. Akiulizwa atajibu. Hakuna anayemuuliza.