Bibi Harusi Aliyefundwa Kunyamaza

Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa hawajaja bado Bagamoyo siku Kitwana, mchoma chokaa, alipokwenda kanisani kuoa. Alitembea kifua mbele.

"Nimeshamalizana na mjomba wa bibi harusi," alituambia njiani. "Yamebaki maneno ya Padri tu, kisha tukale."

Mimi nilikuwa msimamizi wake. Nilimwamini, maana na mimi nilitaka kula.

Bibi harusi, Sada, alibatizwa utotoni pamoja na mama yake. Mama alipofariki, alilelewa na mjomba wake, Mzee Pazi, mkulima wa Mlingotini. Mzee Pazi na mkewe Bi Kibibi ni Waislamu, lakini mzee alisema mpwa wake ataolewa kwa dini ya mama yake, na asiyependa asile wali. Mbuzi alimchinja mwenyewe ili tule sote. Bi Kibibi naye akamfunda mwali kama alivyofundwa yeye: macho chini, mdomo ufunge.

"Watakujaribu," alimwambia. "Watakubembeleza useme. Ukitoa sauti tu, nakufinya mbele ya watu."

Padri akahubiri kwamba mume na mke ni mwili mmoja, kisha akauliza. Kitwana akajibu "Nakubali!" mpaka njiwa wakaruka juu ya paa. Padri akamgeukia Sada.

"Na wewe, Sada, unakubali kuolewa na Kitwana?"

Kimya.

"Sada?"

Kimya. Mzee Pazi akasimama. "Mjomba wake nipo hapa. Amekubali."

"Mzee, sikukuuliza wewe."

"Si amenyamaza? Unataka nini zaidi? Kwetu msichana akinyamaza amekubali."

"Hapa akinyamaza hajasema kitu. Nataka kumsikia mwenyewe."

"Basi nakubali mimi!"

"Kwani unaolewa wewe, mzee?" mtu akauliza huko nyuma. Kanisa zima likacheka. Kitwana hakucheka.

Bi Kibibi alikuwa anatoka jasho. "Sema, mwanangu," akanong'ona.

Sada akakaza midomo. Si aliambiwa atajaribiwa?

"Sema, wewe mtoto, nitakufinya!"

Sasa Sada hakujua atafinywa akisema au akinyamaza. Akanyamaza, maana hilo alikuwa ameshalizoea. Harufu ya nyama ikaingia dirishani. Tumbo langu likalia, watu wa mbele wakageuka. Padri akafunga kitabu.

"Hakuna ndoa. Rudini nyumbani."

"Padri!" Kitwana akapiga kelele. "Wageni wametoka mpaka Lugoba! Mimi nimekubali kwa sauti kubwa. Haitoshi kwa wawili?"

"Haitoshi. Neno lako na neno lake yana uzito mmoja mbele ya Mungu. Ungenyamaza wewe, ningefunga kitabu vilevile."

Sada akainua uso. "Uzito mmoja, Padri?"

"Mmoja."

"Na huo mwili mmoja, ni wa leo tu au wa siku zote?"

"Wa siku zote."

"Basi nina swali kwa Kitwana kabla sijajibu."

Bi Kibibi akanyoosha vidole. Sada akasogea mbele asifikiwe.

"Kitwana, ukitoka kazini utakula wapi?"

"Barazani na wenzangu, kama wanaume wote."

"Na mimi?"

"Jikoni. Tukishamaliza."

"Mwili mmoja, mdomo mmoja uko barazani unatafuna paja la kuku, mdomo wa pili uko jikoni unakwangua ukoko. Mwili gani huo?"

"Enhe!" wakasema wanawake upande wao. Kitwana akanitazama mimi. Nikatazama dari.

"Unataka nini, Sada?"

"Sinia moja, mimi na wewe. Kuanzia leo."

"Mbele ya watu? Watanicheka!"

"Watakucheka. Ukipenda, kaa bila mke wasikucheke."

Kitwana alisimama pale akipima aibu ipi ni kubwa zaidi. Mwishowe akanong'ona, "Haya. Sinia moja."

"Sijasikia."

"Sinia moja!"

"Nakubali," akasema Sada, kwa sauti iliyofika sokoni.

Mikeka ilipotandikwa, Kitwana akaketi na mkewe katikati ya wanaume. Sada akachukua ubavu wa mbuzi bila kumngoja. Nilicheka, sikatai. Lakini Mzee Pazi alicheka kuliko sote, mpaka wali ukampalia. Alipomaliza kukohoa, Bi Kibibi alikuwa amesimama mbele yake, mikono ameshanawa.

"Sogea."

"Mke wangu, mimi si Mkristo!"

"Na mimi si Mkristo. Sogea, nyama inapoa."

Mzee akasogea. Pale kwenye mtungi wa maji, wanawake wengine walikuwa wamepanga mstari kunawa mikono. Wa mbele kabisa alikuwa mke wangu. Nikasogea kabla hajafika.