Futi ya Dada

Koo lilipona upesi. Mafindofindo yalinilaza wiki nzima na homa, nikameza vidonge mpaka cha mwisho kama nilivyoagizwa, sauti ikarudi, na mume wangu akasema ameanza kuukumbuka ule ukimya. Kilichobaki ni tezi mbili chini ya taya, upande wa kushoto. Moja kama punje ya mahindi, nyingine kama harage lililolowekwa. Hazikuuma. Nikizisukuma ziliteleza chini ya kidole, halafu zikarudi palepale kunisubiri.

Ingekuwa shingo ya mtu mwingine ningesema, aa, hizo zitaisha zenyewe. Lakini dada yangu alianza hivyohivyo: koo, kisha tezi, upande uleule. Kila aliyemuuliza alijibiwa, "Ni tezi tu," kwa mdomo uliojaa pini, na cherehani haikusimama. Alikuwa na namna ya kulitamka lile "tu" mpaka unajiona umeuliza upuuzi. Alipokubali kwenda hospitali ilikuwa ya kuambiwa tumechelewa. Sasa cherehani yake naiendesha mimi, duka lake nalifungua mimi, na mwanawe namlea mimi. Tunamwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Yeye ananiita mama mdogo, na kila akiniita nasikia ndani ya jina hilo kwamba kulikuwa na mkubwa.

Sikukaa kizembe, nilikwenda kwa daktari. Alikuwa mama wa makamo mwenye mikono ya baridi. Alinipapasa shingo na makwapa, nikamweleza habari za dada, akaagiza vipimo vya damu, na majibu yalipotoka akaniita tena.

"Damu yako ni nzuri," alisema. "Koo likiugua tezi huvimba, ndiyo kazi yake. Kurudi ndiko kunakochelewa, hata miezi. Ila wewe unazishika sana. Ngozi imechubuka. Ukizibinya hivyo zitatulia saa ngapi?"

"Nazishika mara moja moja tu, daktari."

"Unazishika sasa hivi."

Nikashusha mkono. Nilikuwa sijui kwamba umepanda.

"Zikiongezeka, njoo," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Sasa mwambie fundi nguo neno "zikiongezeka" uone atakachofanya. Mimi nilichukua futi. Futi yenyewe ilikuwa ya dada, ya kitambaa, ya njano iliyokwisha kuwa rangi ya chai, yenye kipande cha shaba kwenye ncha. Ilikuwa ikining'inia kwenye msumari uleule alioupigilia yeye. Kila asubuhi kabla sijafungua pazia la duka nilisimama mbele ya kioo cha wateja, nikaizungusha shingoni. Ilisema inchi kumi na tatu. Kesho yake kumi na tatu. Nikapumua, nikaanza kazi, na baada ya nguo moja mkono ulikuwa umepanda tena.

Mume wangu, ambaye ni fundi umeme na hujiona mchekeshaji, aliniambia mezani, "Mke wangu, hiyo shingo si redio. Acha kutafuta stesheni." Nilicheka. Nilikuwa nacheka huku nimeigusa.

Kidoti hakucheka. Asubuhi moja alisimama mlangoni na mkoba wa shule mgongoni, akinitazama kwenye kioo.

"Usivute sana, mama mdogo."

"Sivuti," nikamwambia. "Nenda, utachelewa." Nilidhani anaogopa nitajikaba.

Kilichonitisha zaidi ni mdomo wangu. Mteja aliuliza mbona nimejishika shingo, nikamjibu, "Ni tezi tu," na pini zilikuwa katikati ya meno. Sauti haikuwa yangu. Nilizitema pini mkononi kwa ghafla mpaka akadhani amenikosea. Tangu siku hiyo nilikwepa kukitazama kile kioo isipokuwa wakati wa kupima, maana niliyemwona mle, kwa kichwa kilivyoinama na kidole kilivyokuwa chini ya taya, hakuwa mimi.

Kisha mume wangu akaniletea zawadi. Futi mpya, nyeupe, ya plastiki ngumu. "Namba za ile zimefutika," alisema. "Utaendelea kukisia viuno vya watu mpaka lini?" Nilimshukuru, nikaiweka ya dada kwenye droo, nikatundika mpya, na nikakata nayo kazi zilizokuwa zikinisubiri. Asubuhi iliyofuata nikaizungusha shingoni.

Kumi na tatu na nusu.

Nilipima tena. Nikavua mkufu, nikapima. Nikatoa pumzi yote, nikapima. Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Nusu inchi. Fundi nguo hahitaji kuelezwa nusu inchi ni nini. Hapo ndipo nilipotakiwa kurudi kwa daktari, maana aliniambia njoo. Sikwenda. Mwanzoni nilikuwa na hasira na dada kwa kutokwenda mapema, hasira ambayo sikumwambia mtu, na asubuhi ile nikaelewa kabisa. Usipokwenda, bado hujaambiwa.

Badala yake nilitoa kitambaa cha sare ya shule. Nikakata gauni la Kidoti la mwaka ujao, halafu la mwaka unaofuata, nikaacha pindo pana la kushusha. Nilishona siku nzima bila kula, na sikuwa na wazimu, nilikuwa najua kabisa ninachofanya. Sikutaka aje akae kwa mtu wa tatu na magauni yanayombana.

Alirudi kutoka shule akaliinua moja, likafika chini ya miguu yake.

"Hili la nani?"

"Lako. La mbele."

Alilikunja polepole, mkono kwa mkono, kama nilivyomfundisha. "Mama naye alinishonea ya mbele," akasema, akaenda kukaa uani.

Niliogopa kumfuata.

Kesho yake akaja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mkubwa wa umbo na wa sauti, amebeba gauni lake la kola ya kusimama nililomkabidhi jana yake. Aliingia nyuma ya pazia akalivaa, akatoka ameinua kidevu.

"Fundi, hili umenishonea mimi au jirani yangu?"

Gauni lilimkaa vizuri kifuani, kiunoni, kila mahali. Kola tu haikufunga. Kifungo na tundu lake vilikuwa vinatazamana kwa mbali kama watu waliogombana.

"Nilikupima mwenyewe, mwalimu."

"Ulinipima ukiwa na ile futi yako ya kizamani," alisema. "Hii nyeupe siijui."

Nikamwomba radhi, nikamwambia aniachie gauni, kola nitaibadilisha. Alipotoka nilifungua droo. Nikazilaza futi mbili juu ya meza ya kukatia, ncha kwa ncha, nikazinyoosha kwa kiganja. Kumi na tatu ya dada ilikuwa imekaa kwenye kumi na tatu na nusu ya mpya.

Futi za kitambaa huvutika. Hilo analijua hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Mimi nililijua kuliko jina langu, ila nilikuwa napimia na kukatia futi ileile, kosa likajificha lenyewe, na hofu ikanifunga macho nisiliwaze. Shingo haikuwa imeongezeka hata uzi. Nilicheka peke yangu, nikajifuta machozi kwa kipande cha bitana, nikataka kumpigia mume wangu simu ili naye apate cha kunitania mwaka mzima.

Kabla sijapiga, nikaona kitu. Kuanzia kumi na nne kwenda mbele futi mbili zilikwenda hatua kwa hatua, zimepishana nusu inchi ileile, mpaka mwisho. Kuvutika kote kulikuwa mwanzoni, kati ya shaba na hapo futi inapokutana ikizungushwa shingoni. Mahali hapo kitambaa kilikuwa chembamba, nyuzi zimeachana, mwanga wa dirisha ulipita. Kiuno cha mteja hakiharibu futi namna hiyo. Wala hatupimi shingo kwa kuvuta dukani humu. Dada mwenyewe ndiye aliyenifundisha: shingo huachiwa kidole kimoja ndani ya futi, mtu apate kumeza mate.

Nilimsubiri Kidoti. Alipoingia nilimketisha mezani, nikamwonyesha mahali pale.

"Uliniambia nisivute. Kwa nini?"

Alipatazama bila kupagusa. "Mama alikuwa anavuta. Hapo kwenye kioo. Anavuta mpaka anakohoa, halafu ananionyesha namba. Anasema, 'Umeona? Haijaongezeka.'"

"Alikuwa anamwonyesha nani mwingine?"

"Mimi tu." Akavuta kamasi. "Alisema nisiwasumbue watu. Na kweli namba haikuongezeka, mama mdogo. Nilikuwa naiangalia vizuri."

Mtoto huyu alikuwa ameibeba siri hiyo muda wote huo, chini ya paa langu, na mimi nilikuwa nimeshughulika na harage langu.

Nilimpa futi nyeupe mkononi, nikapiga magoti mbele yake. "Nipime wewe."

Aliizungusha taratibu. Kidole chake kimoja kilibaki ndani, kama inavyotakiwa, na kikazikuta tezi.

"Zipo," akasema.

Maneno yalinijia yenyewe, yale matatu, na lile "tu" la dada mwishoni. Niliyameza.

"Zipo," nikamwambia. "Daktari anasema hazina ubaya, na damu yangu ni nzuri. Mimi naziogopa hata hivyo. Naziogopa kila siku. Ndiyo maana nimeshona yale magauni."

"Mama hakuwa anaogopa."

Nilimpa futi ya dada. Aliipitisha kati ya vidole kuanzia kwenye shaba, na ilipofika mahali pembamba vidole vikasimama. Alikuwa ameshaanza kujifunza vitambaa, nikaona uso wake unaelewa.

"Alivuta sana," akasema.

"Sana."

Mkono wangu ulikuwa umepanda tena. Aliuona, akaushika, akaushusha mpaka mezani, akaufunika kwa kiganja chake. Kisha akauliza kama ile ya zamani anaweza kukaa nayo, na nikamwambia ni yake.