Sangara wa Jikoni

Jiwe lile lilikaa jikoni kwangu, mtaani Birere, miaka yote ya ndoa. Mume wangu Nizeyimana alilileta kutoka Vitshumbi, kando ya Ziwa Edouard, alikokuwa akinunua samaki. Nililitumia kukandamiza samaki wa chumvi kwenye beseni ili maji yatoke. Upande mmoja lilikuwa na mifupa ya samaki, mgongo na miiba, kama mchoro. Kila Jumamosi nililisugua kwa brashi ya chuma na sabuni.

Vita vilipofunga njia ya Rutshuru aliyopitia kwenda huko, Nizeyimana hakurudi. Mama yake, Mukamugema, akataka tumzike. Kwao, mwili usipopatikana, huzikwa kitu ambacho marehemu alikileta nyumbani kwa mikono yake.

“Tuzike lile jiwe, mukazana,” akaniambia mimi mkwewe. “ Mutoto wangu anahangaika huko aliko.”

“Mama, nikilizika, nitakuwa nimemuua.”

“Si weye ulimuua.”

Nilimwomba Mungu anipe sababu ya kubaki nalo, kisha nikalibeba hadi masomo ya jioni ya watu wazima, mwalimu alitazame. Mwalimu Modeste, mgeni shuleni kwetu, alilipokea kwa mikono miwili.

“Mama Joviale! Huyu ni sangara wa kale aliyegeuka jiwe. Leo Ziwa Edouard halina sangara hata mmoja. Zamani walikuwamo, wakaisha, pengine kwa majivu ya volkano. Ndugu zao wako Ziwa Albert mpaka sasa, ila maporomoko ya mto Semliki yanawazuia kupanda.”

“Kumbe hata samaki wamewekewa barrière ya kufunga njia, kama sisi!” akasema Jephté, fundi wa pikipiki, na darasa likacheka.

Mimi sikucheka. “Hawawezi kurudi kabisa, mwalimu?”

“Peke yao, hapana.”

Akaligeuza jiwe, akatafuta kitu kwa kucha. “Wataalamu wangelihifadhi. Lakini lazima wajue lilitoka wapi hasa, katika udongo gani. Hakuna udongo uliobaki?”

“Nimelisugua, mwalimu.”

“Basi nani anajua mahali?”

“Baba Joviale.”

“Vizuri, tumuulize.”

Jephté akainamisha kichwa.

“Na bila yeye?” nikauliza.

“Bila yeye ni jiwe tu, mama.”

Tulilizika upande wa ziwa dogo la Lac Vert. Vijana walivunja lava kwa mtaimbo hadi mikono ikatoka damu. Mukamugema alilifunga kwa shati la mwanawe. Katekista alipouliza jina la marehemu, kila mtu alinitazama. Nikalitaja.

Jioni samaki walikuwa wanangoja kukandamizwa kwenye beseni. Nikatoka uani, nikaokota jiwe jeusi la lava, nikaliosha.