Kipepeo wa Shemeji

Shemeji alipofungua kisanduku cha kiberiti mezani na kuonyesha kipepeo mkavu ndani yake, mtunza wadudu wa makumbusho hakushangilia. Alimtazama mume huyo wa dada yake, mfuga nyuki, kuanzia viatu hadi kofia.

"Umemtoa wapi?"

"Msituni, kwenye mizinga yangu. Nilimkuta amekufa."

Mtunza akamgeuza kwa kibano. Mdogo kama ukucha wa kidole gumba, rangi ya jani kavu. Chini ya bawa, madoa matatu ya mviringo. La katikati halina nukta nyeupe. Ndiye hasa yule adimu, na hakuna aliyemwona hai kwa miaka mingi. Kipepeo hakumtia shaka. Aliyemtia shaka ni mletaji. Msitu ule wenye mizinga yake ulikuwa karibu kufyekwa, na kipepeo kama huyu angeweza kuuokoa; tena majuzi tu shemeji aliachwa peke yake ofisini humu, penye makabati.

"Shemeji, hukumchomoa kwenye droo zangu?"

"Mimi mwizi? Haya, kagua!"

Akakagua mbele yake. Hakupungua hata mmoja. Lakini moyo ukakataa kutulia, pengine kamnunua kwingine. Mfa maji haachi kutapatapa.

Kesho yake waliingia msituni. Alimwamuru shemeji aache mfuko njiani, kisha akatembea nyuma yake akimchunga mikono. Walikaa kwenye uwazi mpaka jua likapenya matawi.

"Mbona hatokei?"

"Labda naye anaogopa kuhojiwa."

Mtunza hakucheka. Ndipo jani moja kavu likainuka lenyewe, likayumbayumba, likatua kwenye nyasi na kufunga mabawa. Alitambaa kwa magoti, lenzi jichoni. Madoa matatu.

"Mmoja anaweza kuachiliwa na mtu," alinong'ona.

"Ala! Hata sasa?"

Akapekua nyasi, jani kwa jani. Mayai. Kiwavi mwembamba kama uzi. Kando yake mwingine mnene, karibu ajifunge gandani, na ganda tupu la aliyekwisha kuruka. Wa kila umri. Alikaa chini, uso ukimwaka kwa aibu.

"Wamezaliwa hapa hapa. Nisamehe, shemeji."

Shemeji alikuwa ameshageuka kwenda kwenye mizinga yake.

Taarifa ya mtunza ilisimamisha ufyekaji. Akampigia dada yake kuwaalika chakula cha mchana.

"Mimi nitakuja," dada alisema. "Mwenzangu anauliza kama mlangoni kwako watu wanapekuliwa."